Kufunga swichi ya rimoti ya geti kwenye pikipiki bila kumrahisishia mwizi

Wakuu, kama nyumba unayokaa ina geti la umeme na usafiri wako ni pikipiki, ishu yenyewe unaijua. Unafika saa tano usiku, Goba huko au Kinyerezi hapa Dar, kwenye kichochoro kisicho na taa, unasimama, unateremsha mguu, unavua glavu, unaanza kupapasa mfuko wa suruali chini ya koti la mvua kutafuta rimoti, na muda wote huo injini inanguruma na taa inawaka, mtaa mzima unajua kuna mtu kasimama getini peke yake. Vibaka hapo ndo wanapopataka. Mwenye gari anabonyeza akiwa ndani na milango kailoki, sisi tuko nje wazima wazima. Kwahiyo kwangu mimi hii siihesabu kwenye mapambo kama zile taa za rangi za kwenye rimu, hii ni kitu cha usalama na ndo maana nataka ukiifunga uifunge sawasawa.

Na kuifunga sawasawa kuna sharti moja ambalo sitalilegeza hata kidogo: ufunguo wa pikipiki ukiwa off, ile swichi iwe imekufa kabisa. Mafundi wengi wa vijiweni wanafungua rimoti, wanachomea nyaya mbili kwenye kitufe, wanazipeleka moja kwa moja kwenye swichi ya usukani, basi, kazi imeisha. Inafanya kazi ndio. Lakini sasa umepaki dukani hapo jirani na kwako unanunua mkate, mtoto anapita anabonyeza kitufe anachokiona, geti lako linafunguka na wewe hujui. Au umeiacha nje ya geti usiku kwa sababu unatoka tena baada ya nusu saa. Mtu hahitaji ufunguo wala kuvunja chochote, anabonyeza tu anaingia. Dawa yake ni relei moja ndogo, yaani swichi inayojibonyeza ikipewa umeme, na umeme wake tutauchukua kwenye waya unaopitia ufunguo, haiongezi kazi kubwa, ndo njia ninayoielekeza hapa.

Kama umepanga na geti ni la wote, ongea kwanza na mwenye nyumba na wapangaji wenzio. Geti ni la familia zote humo ndani, wana haki ya kujua kuna rimoti inayotembea mjini imefungwa kwenye pikipiki.

Anza na rimoti ya ziada, usiguse ile unayotembea nayo

Tafuta rimoti nyingine ya kutoa mhanga, ile yako ya kila siku ibaki mfukoni kama akiba. Angalia nyuma ya rimoti ya zamani au kwenye bodi yake imeandikwa masafa gani, nyingi zinarusha kwenye MHz 433.92, ila kuna zinazotoka Afrika Kusini ambazo ni za 403, na ukinunua isiyolingana utabonyeza mpaka kesho. Kama geti lako ni la Centurion au kampuni yoyote inayotumia kodi (ile namba ya siri ambayo rimoti inalirushia geti) inayobadilika kila ukibonyeza, zile rimoti za kunakili za bei chee hazitakusaidia, maana zinachofanya ni kurekodi kodi moja na kuirudia, wakati risiva ya geti, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, inasubiri kodi mpya kila mara. Nunua ya aina ile ile kisha uifundishe kwenye risiva ya geti. Kwa kawaida kuna kitufe cha kujifunzia kwenye bodi, unakibonyeza, taa inawaka, unabonyeza rimoti mpya, basi. Bodi nyingine zina kioo chenye menyu, fuata kitabu chake.

Hata kama geti lako ni la kodi isiyobadilika na kunakili kunawezekana, bado nakushauri usinakili. Rimoti ya kunakili inabeba kodi ile ile ya rimoti yako, siku pikipiki ikiibiwa huwezi kuifuta peke yake, ukifuta moja umefuta zote. Rimoti iliyofundishwa kivyake ina utambulisho wake.

Vitu vya kununua

Zunguka Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, vyote vinapatikana, bei zinapishana kwahiyo uliza maduka kadhaa kabla hujatoa hela. Unahitaji relei ndogo ya volti 12, ile ya kibox cha bluu yenye miguu mitano, dayodi moja 1N4007 (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kishikio cha fyuzi pamoja na fyuzi ya ampea 1, nyaya laini nyembamba za rangi tatu au nne tofauti, mipira ile inayosinyaa ukiipasha moto, kebo tai, na kopo au kibox kidogo cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Kiwe cha plastiki, sio bati, bati linazuia mawimbi ya rimoti.

Swichi yenyewe nunua kwenye maduka ya spea za pikipiki. Usukani wa pikipiki zetu nyingi, Boxer, TVS na wenzao, una unene wa milimita 22, na kuna swichi zinauzwa zikiwa na pingu ya saizi hiyo kabisa. Muhimu ni iwe ya kubonyeza na kuachia, kama ya honi. Usichukue ile ya kuwasha na kuzima, ukiisahau on rimoti inaweza kurusha mfululizo na kumaliza betri yake.

Kuna watakaokwambia weka relei kubwa ya gari, imara zaidi. Hapana. Relei ya gari imetengenezwa kupitisha ampea 30, 40 huko, na mkondo unaopita kwenye kitufe cha rimoti ni mdogo mno, vile vidude vya ndani vinavyogusana vikipata ukungu kidogo tu wa kutu havipitishi kitu, utabaki unasikia relei inagonga tik na geti limetulia. Ndogo iliyozibwa ndo yake.

Vifaa vya kazi ni multimita, hata ile ya njano ya bei rahisi inatosha, pasi ya kuchomea risasi ya wati 30 au 40, risasi yenyewe, bisibisi na kisu. Kama hujawahi kuchomea risasi fanyia mazoezi kwenye redio mbovu kwanza, au peleka hiyo hatua moja kwa fundi simu, dakika tano kashamaliza, zingine ufanye mwenyewe.

Kuichana rimoti

Toa betri kwanza. Fungua kava, toa bodi, tafuta kitufe kinachofungua geti. Utakiona ni kidude cha mraba kina miguu minne. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa: ile miguu minne imeungana miwili miwili kwa ndani, ukichomea nyaya zako kwenye miguu miwili ambayo tayari imeungana, ni sawa na kushikilia kitufe bila kuachia. Chukua miguu ya kona kwa kona, iliyokaa mshazari, hiyo siku zote inakuwa pande mbili tofauti. Hakikisha na multimita kwenye alama ya mlio: usipobonyeza iwe kimya, ukibonyeza ilie.

Chomea waya mmoja kila mguu. Pasi iguse sekunde mbili tatu tu, ukiing'ang'aniza shaba inabanduka kwenye bodi na rimoti imekufa. Tumia nyaya fupi, kama shubiri moja hivi, maana relei itakaa humo humo kwenye kibox karibu na rimoti. Kisha weka gundi ya moto juu ya hizo nyaya pale zinapotoka kwenye bodi ili mtikisiko wa barabara usizing'oe. Usitumie silikoni yenye harufu kali ya siki moja kwa moja kwenye bodi, ile inakula shaba taratibu na baada ya miezi unaanza kutafuta ugonjwa usiojulikana.

Rudisha betri, gusanisha zile nyaya mbili kwa mkono ukiwa getini. Geti likifunguka, sehemu ngumu imekwisha.

Watu huuliza kwanini tusitoe kabisa betri ya rimoti tukaipa umeme wa pikipiki. Pikipiki ikiwa inatembea inatoa mpaka volti 14 na kitu, na koili ya plagi inarusha vurugu kwenye mfumo mzima, wakati rimoti nyingine zinataka volti 3 tu. Ukitaka uanze kutafuta kidude cha kupunguza volti, na kikifa kinakufa na rimoti. Iache na betri yake. Inatumika pale tu unapobonyeza, na kuibadilisha ni rahisi. Ila ukienda kununua nenda na ile ya zamani mkononi, 23A na 27A zote ni volti 12 na zinafanana ukiziangalia haraka haraka, lakini 27A ni nyembamba zaidi na hazibadilishani. Zile bapa kama sarafu mara nyingi ni CR2032.

Relei, na kwanini kitufe kikae upande wa moto (chanya)

Kwenye relei miguu miwili ni ya koili, ule waya uliozungushwa unaovuta swichi ya ndani ukipata umeme, ukipima na multimita inasoma karibu ohm 400 kwa hizi za bluu. Mitatu iliyobaki ni ya swichi ya ndani: mmoja wa kati, mmoja unaogusana nao relei ikiwa imelala, na mmoja unaogusana nao relei ikipata umeme. Wewe unataka wa kati na ule wa pili. Hakikisha na mlio wa multimita, ukiipa relei volti 12 ilie, ukitoa inyamaze. Kwenye hiyo miguu miwili unachomea zile nyaya mbili za rimoti, na hapo usiguse tena, usiunganishe athi ya pikipiki (upande wa hasi, yaani chesisi) na kitu chochote kwenye bodi ya rimoti, viwili hivi visijuane kabisa.

Dayodi unaichomea kwenye miguu miwili ya koili, mstari mweupe uelekee upande utakaopokea moto. Kazi yake ni kumeza ile teke la umeme linalotoka kwenye koili ukiachia kitufe. Ukiigeuza kinyume unatengeneza shoti na fyuzi inaungua, kwahiyo iangalie mara mbili.

Sasa mpangilio wa nyaya za pikipiki ni huu: moto unaopitia ufunguo, unaingia kwenye fyuzi, unaenda kwenye kitufe cha usukani, unarudi kwenye koili ya relei, unamalizia kwenye athi. Mafundi wamezoea kuweka kitufe upande wa athi kwa sababu honi nyingi zimefungwa hivo na inaokoa waya mmoja. Kwa kazi hii mimi nakataa. Nyaya zinazopita kwenye shingo ya usukani zinasuguana kila ukikata kona, ipo siku zitachubuka ziguse chesisi. Kitufe kikiwa upande wa athi, waya ukigusa chesisi ni sawa na kitufe kimebonyezwa, unawasha tu pikipiki uani geti linaanza kutembea lenyewe. Kikiwa upande wa moto, waya ukichubuka fyuzi inaungua na geti linabaki limefungwa. Nachagua ubovu unaofunga geti kuliko ubovu unaolifungua.

Kutafuta moto sahihi

Usichukue kwenye taa kubwa. Pikipiki ndogo nyingi taa ya mbele inaendeshwa na umeme unaotoka moja kwa moja kwenye koili za injini bila kupita kwenye betri, unapanda na kushuka kwa mafuta unayotoa, relei itatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Sehemu ninayoipenda ni swichi ya taa ya breki. Weka multimita kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye nati safi ya chesisi, nyekundu ichome kwenye soketi ya swichi ya breki. Kati ya nyaya mbili utapata mmoja ambao ufunguo ukiwa off unasoma sifuri, ukiweka on unasoma volti 12 na kitu bila hata kukanyaga breki. Huo hapo. Washa injini, toa mafuta, usivuke sana 14 na nusu, ukivuka hapo shida ni regulator, kile kidude kinachodhibiti chaji, na inabidi uitengeneze kwanza, maana inakaanga na betri pia.

Usikate waya wa kiwandani. Menya sentimita moja ya ganda lake, zungushia waya wako, chomea risasi, funika vizuri. Fyuzi ikae karibu kabisa na hapo ulipochukulia, ili waya wote unaofuata uwe unalindwa.

Kufunga kwenye usukani na kupitisha nyaya

Mkono wa kushoto, mbali kidogo na honi. Jaribu ukiwa umekaa, umeshika klachi, umevaa glavu za mvua, kidole gumba kifike bila kuachia mshiko, lakini usiibonyeze kwa bahati mbaya ukiwa unapiga honi kwenye foleni ya Mwenge. Pitisha nyaya pamoja na wayaringi ya kiwandani, zifunge kebo tai, kisha kata usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia na uangalie pale shingoni. Zisivutike, zisibanwe. Acha ulegevu kidogo hapo, sehemu nyingine kaza.

Kibox kikae wapi

Hapa chukua muda wako. Mawimbi ya rimoti hayapiti kwenye chuma, kwahiyo chini ya tangi hapafai hata kama panaonekana pamejificha vizuri. Karibu na koili ya plagi hapafai, karibu na ekzosi ndo kabisa, joto litaua betri. Zinabaki sehemu mbili nzuri: nyuma ya saiti kava ya plastiki, ile ya ubavuni, au ndani ya kava ya plastiki ya mbele juu ya taa. Ya mbele inaliangalia geti na nyaya zinakuwa fupi, ya ubavuni haionekani na haipigwi sana na mvua. Mimi napendelea ubavuni kama umbali unatosha, na namna ya kujua ni kujaribu kabla hujafunga chochote: shikiza kibox kwa kebo tai, rudi nyuma mtaani kwa umbali unaoutaka, bonyeza ukiwa umekaa juu ya pikipiki kabisa, kwa sababu mwili wako nao unazuia. Geuza kibox, jaribu tena. Kugeuza tu rimoti kutoka kulala hadi kusimama kunaweza kubadilisha umbali sana.

Usiongeze waya wa antena kwa kubahatisha. Kwa MHz 433.92 robo ya wimbi ni kama sentimita 17.3, na rimoti ilishapimwa na antena yake iliyochorwa kwenye bodi, ukichomea waya wa urefu wowote mara nyingi unapunguza badala ya kuongeza.

Ukishapata sehemu, ziba. Tundu la nyaya liwe upande wa chini, na nyaya zishuke kwanza chini ya kibox halafu ndo zipande kuingia, maji yatadondokea kwenye lile tumbo badala ya kufuata waya hadi ndani. Funga rimoti na relei kwa kipande cha sponji zisigongane. Watu wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach, upepo wa bahari una chumvi, paka grisi kidogo kwenye miguu ya fyuzi na soketi zote ulizogusa. Na ukipeleka pikipiki kuoshwa mwambie kijana asielekeze mpira wa presha kwenye saiti kava.

Kujaribu

Ufunguo off, bonyeza, kimya. Hilo ndo jaribio la kwanza na la lazima, likishindwa rudi kwenye kutafuta moto. Ufunguo on injini imezimwa, bonyeza, usikie tik na geti lisogee. Washa injini, toa mafuta, washa indiketa, piga honi, kanyaga breki, geti lisifanye chochote mpaka ubonyeze. Kisha umwagie maji ya ndoo sehemu ya swichi na urudie.

Ukisikia tik na geti halisogei, shida iko upande wa rimoti: betri, risasi iliyoachia, au uko mbali. Usiposikia tik kabisa, pima fyuzi, halafu pima kama moto unafika kwenye koili ukibonyeza. Na kama umeme wa mtaa umekatika, kabla hujaanza kufumua kazi yako angalia geti lenyewe, nyingi zina betri ya akiba na betri hiyo ikichoka geti linakuwa zito au halisogei kabisa, hiyo haihusiani na pikipiki.

Pia zoea kubonyeza mapema, ukiwa bado unatembea taratibu, ili ukifika geti limeshafunguka na usisimame. Lakini subiri kuona kuna nani hapo kwanza. Ukiona watu usiowaelewa wamekaa karibu na geti, usibonyeze, pita moja kwa moja kama unaenda kwingine, nenda kwenye mwanga, piga simu ndani. Na watoto wa nyumbani waambie wasicheze kwenye reli ya geti, sasa hivi geti litakuwa linaanza kutembea wewe ukiwa hujafika hata kuwaona. Kama motor yako ina sehemu ya kufungia zile sensa za mwanga zinazolisimamisha geti mtu akikatiza, zifunge.

Mwisho, siku ile ile unayofunga, nenda kwenye bodi ya geti ujue namna ya kufuta rimoti. Risiva nyingine zinakuruhusu kufuta moja kwa namba yake, kwahiyo andika hii ya pikipiki iko nafasi namba ngapi na ubandike karatasi ndani ya kava la motor. Nyingine zinafuta zote kwa pamoja na inabidi uzifundishe upya moja moja, hapo ujue rimoti zote za nyumbani ziko ngapi na ziko kwa nani. Pikipiki ikiibiwa, au hata ukiiuza na kusahau kutoa kibox, unafuta usiku huo huo. Mwonyeshe na mtu mwingine anayekaa hapo ndani jinsi ya kufanya, maana siku ikitokea unaweza kuwa polisi unaandika maelezo na geti linahitaji kushughulikiwa kabla hujarudi.